Mistari Mitatu Mitupu

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya pili, nilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kufuta ubao, kwa sababu nilikuwa kiranja wa darasa la sita. Ya pili hakuna aliyenipa. Mwalimu akishaandika zoezi ubaoni, nilimnong'onezea jirani yangu wa dawati neno moja moja, naye aliandika huku pua yake ikikaribia kugusa daftari.

Tulimwita Mzee. Si kwamba alikuwa na umri mkubwa, maana alikuwa na miaka kumi na miwili kama mimi. Ila alizoea kushika kitabu karibu na macho na kukunja uso, kama babu anayesoma barua yenye habari mbaya. Hata yeye mwenyewe aliitikia jina hilo. Aliishi na bibi yake, fundi cherehani aliyeshona sare za nusu ya shule yetu katika chumba chenye dirisha kubwa, mtaa wa nyuma ya shule.

"Umeme, pale mwisho pameandikwa nini?" aliniuliza asubuhi moja.

Umeme ni mimi. Nilipewa jina hilo kwa sababu nilifanya kila kitu upesi: kula, kutembea, kuoga, hata kusali. Mama yangu hakulipenda. Alisema umeme una tabia ya kukatika saa ile ile unayouhitaji.

"Sabini na mbili gawanya kwa nane," nikamnong'oneza.

"Mimi naona moshi tu," akasema, akaandika.

Mambo ya Mzee hayakuwa ya kuchekesha tena. Mwalimu wa darasa alikuwa amemwambia bibi yake kwamba mjukuu wake akifeli mtihani wa muhula huu, atarudia darasa la sita. Ndiyo maana tuliposikia kwamba daktari wa macho anakuja shuleni kwa siku mbili, na kwamba atawapa miwani watakaohitaji, Mzee alinishika mkono kwa nguvu mpaka nikamwambia aniachie.

Daktari huyo alikuwa anazunguka shule nyingi. Akishaondoka, asingerudi mpaka mwaka uliofuata.

Kabla hajafika, kila mwalimu wa darasa alitundika ukutani karatasi ya herufi, kubwa juu na ndogo chini, akawapima watoto wake na kuandika alichokiona kwenye fomu ya kila mtoto. Karani wa shule aliyaingiza yote kwenye kompyuta. Karani huyo tulimwita Mama Faili, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila faili kwapani. Nadhani hata sokoni alikwenda nalo.

Kwenye kompyuta kulikuwa na majedwali mawili. La kwanza lilikuwa na namba ya mwanafunzi, jina lake, jina la baba na darasa. La pili lilikuwa na namba ile ile ya mwanafunzi, na maneno ya mwalimu kuhusu macho yake. Ukitaka kujua nani haoni, lazima uyaunganishe majedwali hayo kwa namba, kisha uchuje maneno. Kazi hiyo mwalimu wa kompyuta alikuwa ametufundisha. Alikuwa kijana mpole, mwenye mikono ya shati iliyokunjwa muda wote, na juu ya mlango wa chumba cha kompyuta alikuwa amebandika maneno manne: HESABU KABLA, HESABU BAADA.

"Kabla hujatoa orodha, jua inapaswa kuwa na watu wangapi," alikuwa akisema. "Ukishaitoa, hesabu tena. Namba zikipishana, kuna mtu umemwacha nje."

Siku alipouliza nani ataandaa orodha ya daktari, mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza kuuliza.

Mama Faili alikuwepo. "Mwalimu, mimi naweza kuiandika kwa mkono," akasema. "Nipe siku mbili na rula yangu."

Nikacheka. "Siku mbili, mama? Kompyuta itamaliza kabla hujachonga penseli. Tena haikosei."

"Labda haikosei," akajibu bila hasira, "lakini haina macho, mwanangu. Haraka yako hiyo ipunguze."

Nilikaa kwenye kiti, nikaanza kuandika ombi langu kwa ile lugha ya kuiuliza kompyuta maswali, inayoitwa SQL. Maneno yake ni ya Kiingereza, lakini mwalimu alitufundisha kuyasoma kichwani kwa Kiswahili: chagua hiki, kutoka jedwali lile, ambapo hali ni hii.

Sehemu ngumu niliifanya vizuri, naomba hilo lijulikane. Walimu hawakuandika kwa namna moja. Mmoja aliandika "haoni mstari wa pili", mwingine "jicho la kushoto haoni kabisa", mwingine "anasoma kwa shida". Nikaiambia kompyuta inipe kila mtoto ambaye ndani ya maneno ya mwalimu wake kuna "haoni", au kuna "kwa shida", popote pale yalipo. Hapo nilijiona fundi kweli kweli.

Ikabaki sehemu rahisi. Mwalimu mkuu alitaka kila mtoto aandikwe kwenye mstari mmoja unaosomeka: jina, jina la baba, darasa. Kwa hiyo nikaziunganisha safu hizo tatu kuwa maneno ya mstari mmoja, nikabonyeza.

Orodha ikajaa kwenye kioo, na chini yake kukaandikwa: mistari 43. Nikaipitia kwa macho. Mstari wa kumi na moja ulikuwa mtupu. Hapakuwa na jina, wala darasa, wala alama. Wa ishirini na sita ulikuwa mtupu pia, na wa thelathini na tisa vile vile.

Sasa nataka kusema ukweli, kwa sababu siku ile sikuusema. Nilijua kwamba hilo si jambo la kawaida. Nikatazama maneno yale juu ya mlango. Lakini nje nilisikia wenzangu wakipanga timu za mpira, na mwalimu alikuwa ametoka kupokea simu. Nikajiambia huo ni uchafu tu wa kompyuta. Nikaufuta mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ikabaki arobaini, namba nzuri isiyo na mkia.

Mwalimu aliporudi aliuliza, "Umehesabu?"

"Nimehesabu, mwalimu. Arobaini."

"Kabla na baada?"

"Ndiyo, mwalimu."

Akaniamini. Jina langu likaandikwa chini ya orodha kama mtu aliyeiandaa, na Mama Faili akaichapa kurasa mbili na kuibandika kwenye ubao wa matangazo. Asubuhi iliyofuata mwalimu mkuu alinisimamisha mbele ya shule nzima, nikapigiwa makofi. Nilivishwa kilemba cha ukoka, nami nikakaza shingo kisianguke.

Mzee alinifuata mbio baada ya gwaride. "Umeme, jina langu limo? Mimi pale ubaoni sioni, na watu wanasukumana."

"Usipokuwemo wewe, nani atakuwemo?" nikamjibu.

Sikwenda kutazama. Mtu niliyekuwa nikimsomea ubao kila siku, siku hiyo moja sikumsomea.

* * *

Daktari alifika Jumatano na gari lililojaa masanduku. Alipewa maktaba ndiyo iwe chumba chake. Madarasa ya juu yalipangiwa siku ya kwanza, ya chini siku ya pili, na siku hiyo ya pili alipaswa kuondoka saa kumi jioni.

Mzee alikuja na shati lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Bibi yake alikuwa ameifunga cherehani, akavaa gauni lake la kutokea na miwani yenye mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa uzi mweusi uliozungushwa sikioni.

"Shikamoo, bibi," nikamsalimia nilipopita na boksi la chaki.

"Marahaba, mjukuu wangu. Leo mwenzako anapata macho. Ukome kumsomea!"

Waliketi kwenye benchi nje ya maktaba. Kila jina lilipoitwa, Mzee alisogea mbele kidogo. Wakaingia wanne, wakaingia kumi, mpaka akabaki yeye peke yake kwenye benchi lile refu. Msaidizi wa daktari akatoka na karatasi.

"Darasa la sita wamekwisha," akasema.

"Bado mimi," Mzee akasema, akataja jina lake.

Msaidizi akateremsha kidole kwenye ukurasa wa kwanza, akafungua wa pili. "Jina lako halimo."

"Hebu tazama tena, binti yangu," bibi akasema. "Siku ya kupimwa huyu hakuona hata mstari wa pili. Mwalimu wake aliniambia mwenyewe."

"Pole, bibi. Asiyemo kwenye orodha ya shule hatumpimi, mpaka shule ituletee orodha iliyosahihishwa."

Mwalimu mkuu akaitwa, naye akamwita Mama Faili. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu tu kutoka kwao, na boksi langu la chaki.

"Mama, orodha ilikuwa na kurasa ngapi?" mwalimu mkuu akauliza.

"Mbili, mwalimu."

"Una hakika haukuwepo wa tatu? Hukuuangusha mahali?"

Mama Faili akafikiri. Aliitazama mikono yake kana kwamba ukurasa ungekuwa humo. "Sina hakika, mwalimu," akasema polepole. "Siku hizi nasahau sana. Natafuta kalamu ofisi nzima, kumbe iko sikioni. Labda niliuangusha."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Ulimi ulikuwa mdomoni mwangu, hakuna aliyeufunga. Lakini niliyakumbuka yale makofi ya gwarideni, nikalikumbatia boksi la chaki.

Mzee akanigeukia. "Umeme, si uliniambia limo?"

"Labda ukurasa umepotea," nikasema.

Nilisema hivyo mbele ya Mama Faili. Yeye akatikisa kichwa akikubaliana nami, na hiyo iliniumiza kuliko kama angenizaba kofi.

Jioni chakula hakikupita. Mama aliniwekea mkono kwenye paji la uso. "Leo umeme umekatika?"

"Kichwa kinauma, mama."

"Kama ni kichwa, kunywa maji ulale. Kama ni neno, litakukaba hapo kooni mpaka ulitoe."

Nikanywa maji. Hayakusaidia.

* * *

Siku ya pili nafasi ya Mzee kwenye dawati ilikuwa wazi. Mwalimu aliandika zoezi ubaoni, nami nikajikuta nanong'ona, "Mia moja na nane gawanya kwa..." Nilikuwa nalinong'onezea dawati. Mwenzetu wa nyuma akacheka. Nikainamisha kichwa machozi yasionekane.

Wakati wa mapumziko ya mchana nilikwenda chumba cha kompyuta. Msidhani nilikwenda kutubu. Mpango wangu ulikuwa kuyapata majina matatu, kuyaandika kwa kalamu mwisho wa orodha ya daktari, na mambo yaishe bila mtu kujua. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi nilikuwa bado naitafutia kona.

Nikalirudia ombi langu la kwanza. Mistari ile mitatu ikatoka mitupu kama mwanzo. Basi nikaacha kuunganisha. Nikaomba namba, jina, jina la baba na darasa, kila kimoja kwenye safu yake. Safari hii mstari wa kumi na moja haukuwa mtupu. Ulikuwa na namba, ulikuwa na jina la mtu, ulikuwa na darasa la sita. Safu moja tu ndiyo iliyokuwa wazi: jina la baba.

Lilikuwa jina la Mzee.

Wa ishirini na sita alikuwa msichana wa darasa la nne. Wa thelathini na tisa alikuwa mtoto wa darasa la kwanza. Wote watatu hawakuandikwa jina la baba, na nilipoyaunganisha maneno, pengo hilo moja lilimeza mstari mzima. Nilikaa pale nikimtazama rafiki yangu kwenye kioo. Nilikuwa nimemfuta kwa kidole changu mwenyewe.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Mama Faili, na leo alikuwa na faili kila kwapa na mengine mkononi. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Aa, uko huku? Afadhali," akasema, akayashusha mezani. "Njoo unisaidie, mwanangu. Tangu alfajiri napitia fomu za watoto wote, moja moja, nijue ni nani waliokuwa kwenye ule ukurasa nilioupoteza. Nimefika darasa la tatu tu, na daktari anaondoka saa kumi."

Akachukua fomu ya juu, akaisogeza karibu na macho.

"Mama," nikasema. "Hakuna ukurasa uliopotea."

"Nini?"

"Zilikuwa kurasa mbili. Hukuangusha kitu. Ni mimi." Neno likishaanza kutoka halirudi. "Orodha ilitoka na mistari arobaini na mitatu. Mitatu ilikuwa mitupu, nikaifuta. Mwalimu akaniuliza kama nimehesabu, nikamdanganya. Jana nikakuacha ulaumiwe."

Mama Faili aliiweka fomu chini taratibu. Nilisubiri anifokee. Nilitamani anifokee.

"Tangu alfajiri," akasema tu. Kisha akatazama saa ya ukutani. "Saa nane na robo. Majina unayo?"

"Ninayo."

"Basi twende kwa mwalimu mkuu. Mimi nitakushikia mlango. Kusema utasema wewe."

Ofisini alikuwepo pia mwalimu wa kompyuta. Nikasema yote tena, na mara ya pili haikuwa nyepesi. Mwalimu mkuu alinisikiliza bila kupepesa macho.

"Nilikusifu mbele ya shule nzima," akasema.

"Ndiyo, mwalimu."

"Na jana ulisimama pale pale, ukaniacha nimsemeshe hivyo mama huyu."

Nikaiweka mezani kwake karatasi yenye majina yale matatu.

Mwalimu wa kompyuta akakohoa. "Na mimi nina langu, mwalimu mkuu. Nilimuuliza kama amehesabu, sikutazama mwenyewe."

"Lawama tutagawana baadaye," mwalimu mkuu akasema, akasimama. "Mama, nenda kawachukue wale wadogo wawili madarasani. Mimi nakwenda kumwomba daktari asifunge masanduku. Na wewe," akaninyooshea kidole, "rafiki yako hayupo shuleni leo. Utamfuata nyumbani, na utamwambia kwa nini umemfuata. Jina lako si Umeme? Kimbia."

* * *

Nilikimbia. Mlango wa bibi ulikuwa wazi, na cherehani ilisikika tangu kona ya mtaa. Mzee alikuwa amekaa sakafuni akichambua vifungo kwa kuvipapasa, vikubwa huku, vidogo huku. Aliponisikia aliinua uso, akaukunja.

"Nani?"

"Mimi. Twende shule. Daktari anakusubiri."

Cherehani ikanyamaza. "Ukurasa umepatikana?" bibi akauliza.

Ningeweza kusema ndiyo. Ingekuwa rahisi mno, na wote wangefurahi. Nilisikia neno hilo kabisa, likinijia mdomoni.

"Haukupotea, bibi," nikasema. "Niliutengeneza uongo. Jina la Mzee lilitoka kama mstari mtupu, kwa sababu nafasi ya jina la baba haikujazwa. Niliuona mtupu, nikaufuta. Sikuuliza ni wa nani."

Mzee alisimama, vifungo vikamwagika. "Uliuona?"

"Niliuona."

"Ukaufuta."

"Nikaufuta."

"Halafu nikakuuliza kama jina langu limo."

Nilishindwa kumtazama. Hata kama yeye alikuwa anaona moshi tu, mimi nilikuwa namwona vizuri.

Bibi alivua miwani yake, akaifuta kwa upindo wa gauni. "Nafasi ile niliiacha wazi mimi," akasema. "Karani aliniambia, bibi, andika jina lolote tu, fomu ijae. Nikakataa. Baba yake simjui, na marehemu mama yake hakuniambia. Sikutaka mtoto aanze shule kwa uongo." Akaivaa tena, akazungusha uzi sikioni. "Kumbe ukweli wangu ndio uliomfungia mlango."

"Hapana, bibi. Ukweli wako haukufanya kitu. Ni uongo wangu."

Bibi alinyanyuka kwenye cherehani. Kisha akamgeukia mjukuu wake. "Umkasirikie njiani. Vaa viatu."

Njia nzima Mzee alitembea mbali nami, lakini penye ngazi za shule, ambapo siku zote alijikwaa, alinyoosha mkono kunitafuta bega. Nikampa bega.

Gari la daktari lilikuwa limewashwa. Masanduku mawili yalikuwa yameshapakiwa, na la tatu lilikuwa bado mezani maktabani. Msichana wa darasa la nne alikuwa ameshavaa miwani, anatazama kucha zake kama mtu aliyepewa vidole vipya. Yule wa darasa la kwanza aliandikiwa dawa ya matone.

"Huyu ndiye wa mwisho?" daktari akauliza, akatazama saa. "Kaa hapa, kijana. Tuone."

Alimbadilishia vioo vingi, akimuuliza kila mara, hiki au kile, hiki au kile. Sisi tulisubiri mlangoni: mimi, bibi, Mama Faili na walimu. Saa kumi ikapita. Hakuna aliyeitaja. Mwishowe daktari akachagua miwani yenye fremu nyeusi, akampachika.

Mzee akageuka taratibu. Akamtazama bibi yake kwa muda mrefu. Kisha akanitazama mimi.

"Kumbe una kovu hapo juu ya jicho," akasema.

"Nilianguka nikiwa mdogo."

"Kwa haraka zako," akasema.

Watu wazima wakacheka. Mimi nilijaribu kucheka, nikalia.

* * *

Ijumaa nilisimama tena mbele ya shule nzima. Safari hii hapakuwa na makofi. Nilisema nilichokifanya, nikamwomba radhi Mama Faili kwa sauti ambayo hata darasa la kwanza waliisikia. Baadaye, katika chumba cha kompyuta, mwalimu alitueleza sote kosa lenyewe.

"Kwa kompyuta, nafasi isiyojazwa haisomeki kama hakuna," akasema. "Inasomeka kama sijui. Ukiunganisha jina na sijui, inakujibu kwamba yote hayo haiyajui. Dawa yake ni kuiambia mapema: palipo patupu, usiweke kitu, lakini jina na darasa viache vilivyo." Akatuonyesha namna ya kuandika hivyo. Nilihesabu kabla, nikahesabu baada. Arobaini na tatu, arobaini na tatu.

Mama Faili ndiye aliyeichapa orodha mpya ya kuwekwa kwenye kumbukumbu. Nilimfuata ofisini, nikamsaidia kurudisha fomu zote kwenye mafaili, kazi iliyochukua wiki nzima. Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yangu, na niliifanya polepole.

"Mama, bado una hasira nami?" nilimuuliza siku ya mwisho.

"Ninayo kidogo. Itaisha." Akafunga faili kwa uzi. "Kukosea si ajabu, mwanangu. Hata mimi kalamu yangu iko sikioni. Lakini wewe uliona, ukajua, ukafuta. Nikwambie kitu, nawe ukishike mpaka uzeeke. Ukiona mstari mtupu usiuite uchafu. Simama uulize ni nani. Pengine ni mtu amekaa kwenye benchi, anasubiri kuitwa."

Nilitoka nikiwa na nakala ya orodha mpya, nikaibandika kwenye ubao wa matangazo. Mzee alikuwa anapita. Akasimama mbali, hatua sita nyuma, mahali ambapo zamani asingeona hata ubao wenyewe. Nikafungua mdomo nimsomee, kwa mazoea.

"Usinisomee," akasema.

Nikasogea pembeni. Macho yake yakateremka polepole nyuma ya vioo, mstari kwa mstari, mpaka wa kumi na moja. Hapo akasimama, akalisoma jina lake kwa sauti, jina moja peke yake, na darasa la sita.